Bahasha Iliyofungwa Haina Ndugu

"Bahasha iliyofungwa haina ndugu." Maneno haya waliambiwa vijana wanne wa kikundi cha kufyatua matofali, walipokwenda kwa karani wa kata aliye binamu wa mmoja wao, wakamwomba awaonyeshe kidogo tu wenzao wameandika bei gani kwenye zabuni ya kujenga choo cha zahanati. Walirudi wamenuna. Njiani walipita kwa Bibi Nanzia, wakamkuta barazani anapepeta maharage, wakamweleza yaliyowakuta. Mmoja wao akasema hiyo lazima ni methali ya watu wa ofisini wasiojua huruma.

Bibi Nanzia aliweka ungo chini. Aliwaambia kwamba mtu wa kwanza kuisema hakuwa wa ofisini, na huruma hakuikosa. Kama wana nafasi, wakae, awape chanzo chake.

Chanzo chake ni hiki.

Miaka ile simu za mkononi zilikuwa bado hazijapanda milimani. Katika mji mdogo wa Kisangeni, yalipokuwa makao makuu ya wilaya, alikuwako mwanamke mmoja jina lake Nakiete, karani wa ugavi katika ofisi ya Halmashauri. Alikuwa mjane, hana mtoto, na alikaa peke yake kwenye nyumba za watumishi. Kila kitu ambacho serikali ilinunua pale wilayani, kuanzia chaki za shule hadi mabati ya zahanati, kilipita kwanza kwenye meza yake.

Serikali hainunui kwa kumpenda muuzaji. Hutangaza hadharani inachotaka, na kila mwenye uwezo huandika bei yake, akaifunga ndani ya bahasha na kuitumbukiza kwenye sanduku. Sanduku la Kisangeni lilikuwa la mninga, lina makufuli mawili, na funguo zake zilikaa kwa watu wawili tofauti. Siku ikifika, linafunguliwa mbele ya wazabuni wote. Kabla ya hapo hakuna anayejua mwenzake ameandika nini. Halmashauri nayo ilikuwa na bei yake iliyokadiriwa na mhandisi, na hiyo ilikuwa siri kubwa kuliko zote, kwa sababu aliyeizidi sana aliachwa, na aliyeshuka chini yake sana alihesabiwa kuwa hajui kazi. Lakini makadirio ya mhandisi lazima yapigwe chapa, na mpiga chapa alikuwa Nakiete. Kwa hiyo aliijua. Kwa miaka kumi na mmoja alijua bei za siri za wilaya nzima, na hakuna sikio lililowahi kuzisikia kutoka kwake.

Nyumbani kwao kulikuwa Ivuga, kijiji kilicho juu kabisa, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Kila Jumamosi alipanda kumwona mama yake, aliyekuwa amezeeka na macho yake yamefifia. Watu walimwita bibi huyo Mama Kajiru, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Na Kajiru huyo alikuwa ameondoka miaka kumi na minne iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyemwona.

Aliondoka kwa moto. Baba yao, Mzee Senkondo, alikuwa fundi seremala mwenye jina, na alikuwa akimfundisha Kajiru kazi. Siku moja kijana aliteleka gundi kwenye jiko la mkaa karakanani, akatoka kidogo kwenda kuangalia mpira. Aliporudi, karakana ilikuwa inawaka, pamoja na milango na vitanda vya watu vilivyokuwa vimekwisha kulipiwa. Mbele ya wote waliobeba maji, Mzee Senkondo alisema kwamba tangu siku ile hana mtoto wa kiume. Alilisema neno hilo mara moja tu, kwa hasira, na alilijutia maisha yake yote. Lakini Kajiru alilisikia neno, hakuyasikia majuto. Aliondoka jioni ileile. Miaka sita baadaye mzee alifariki akiwa anauliza kama pana mtu anayegonga mlango.

Mama alibaki na jina. Asubuhi majirani walimwita Mama Kajiru, jioni vilevile, kanisani vilevile. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hata hivyo Nakiete alimwona mara nyingi mama yake, akiitwa ghafla kwa jina hilo, akigeuka haraka kidogo kuliko ilivyolazimu.

Nakiete mwenyewe hakumtaja kaka yake. Alimkumbuka kwa mambo madogo: namna alivyombeba mgongoni kuvuka kijito wakienda shule, na namna alivyokuwa akifumba jicho moja na kuinamisha kichwa kuangalia ubao kama umenyooka. Hata mezani, hata kitandani, Kajiru hakuweza kuona ukingo wa mbao bila kufumba jicho. Kwa miaka mingi Nakiete alimtafuta kwenye magari yaliyoshusha watu stendi. Baadaye akaacha kutafuta, lakini macho yake hayakuacha.

Basi mwaka huo serikali ilijenga shule ya sekondari Ivuga, na ikatangaza zabuni ya madawati mia mbili na arobaini. Tangazo lilibandikwa ubaoni na kuchapishwa gazetini. Wazabuni wakaanza kuja kuchukua nyaraka.

Siku ya tatu, kwenye foleni iliyokuwa mbele ya dirisha la ugavi, alikuja mwanamume mwenye ndevu zilizoanza mvi. Alipofika mbele aliweka mkono kwenye kizingiti cha dirisha, akafumba jicho moja, akaangalia ule ukingo wa mbao kutoka huku hadi kule.

Nakiete alikuwa ameshika mhuri. Hakuuweka chini wala hakuugonga.

Kajiru naye alimtambua. Alisimama pale dirishani mpaka mtu wa nyuma yake akakohoa. Mwishowe aliuliza neno moja tu: "Mzee yupo?"

Karani mwingine, aliyekaa pembeni, alidhani anamuulizia Mkurugenzi, akamjibu kwamba mzee yupo ofisini, apande ngazi. Nakiete akasema kwa sauti ya chini, "Mzee alitangulia, kaka. Mwaka wa nane sasa."

Kajiru alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida. Alichukua nyaraka zake, akaandika kwenye daftari la wazabuni jina K. Senkondo na sanduku lake la posta huko Mpanda, na mwandiko ukayumba kwenye herufi za mwisho. Nyuma yake walikuwako watu sita. Nakiete alimweleza kama alivyowaeleza wote kwamba zabuni zinafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, na sanduku liko ukumbini. Pale ofisini hakuna aliyejua, kwa maana Nakiete alitumia jina la marehemu mumewe.

Kutoka siku hiyo kila jioni alikaa akisikiliza njia. Kanuni ilikuwa wazi: mtumishi wa zabuni hakutani faragha na mzabuni mpaka kazi iishe. Aliifahamu kama anavyofahamu sala, na bado alijiambia kwamba kaka yake akija atamfungulia, liwalo na liwe.

Alikuja Jumatano, jua halijazama. Nakiete alikuwa anaanua nguo. Kajiru alisimama nje ya uzio wa mabanzi, kofia mkononi, na Nakiete akaenda hadi getini akashika komeo. Hapo mkono ukasimama. Hakujua kama ni hofu au ni nini. Alijua tu kwamba akilifungua geti lile, hatakuwa tena na la kumwambia mtu mwingine yeyote atakayekuja kulibisha.

"Hunikaribishi?" Kajiru aliuliza.

"Siwezi, kaka. Umechukua nyaraka. Mpaka bahasha zifunguliwe, mimi na wewe hatuwezi kukaa ndani ya nyumba moja."

"Hata maji?"

Aliingia ndani, akatoka na maji kwenye kikombe cha bati, akampa kwa juu ya uzio. Kajiru alikunywa taratibu. Aliuliza habari za mama, akaambiwa yupo, ila macho hayaoni mbali. Kisha akauliza kama mama humtaja.

"Hana haja ya kukutaja," Nakiete alisema. "Watu wote wanamwita kwa jina lako."

Kajiru alitazama ndani ya kikombe. Alieleza, maneno yakimtoka kwa vipande, kwamba alitembea sana, akafanya kazi kwa watu, akapata karakana yake mwenyewe. Kila mwaka alisema mwaka ujao atarudi, na kila mwaka aliona aibu zaidi kuliko mwaka uliopita. Alipoliona tangazo gazetini, limeandikwa Ivuga, alijua kwamba ndilo. Angerudi na kazi mkononi. Watu walioona karakana ya baba yake ikiteketea wangeona watoto wao wamekaa kwenye madawati aliyoyatengeneza yeye.

Halafu akasogea karibu na uzio. "Nimepiga hesabu mara tatu, Nakiete. Nikipanda nakosa, nikishuka sana mtasema sijui kazi. Sikuombi namba. Mimi nitakutajia bei ya dawati moja, wewe utikise kichwa tu. Nipo juu, au nipo chini."

"Hata kichwa siwezi."

"Siibi. Nitayatengeneza kuliko mtu yeyote atakayeleta bahasha pale."

"Najua."

"Nikikosa hii sirudi tena. Nitapandaje Ivuga mikono mitupu, baada ya kuchoma mali za watu?"

"Panda kesho," Nakiete alisema. "Panda hata sasa hivi. Mama hatakuuliza umeleta nini."

Kajiru alimrudishia kikombe. Namba ilikuwa imesimama kinywani mwa Nakiete, fupi, rahisi kuliko jina la mtu. Aliuma meno. Aliona kwamba kaka yake amekonda mabega, na kwamba shati lake limeshonwa na mtu asiyejua kushona, pengine yeye mwenyewe.

"Basi niahidi jambo moja," Kajiru alisema. "Usimwambie Mama kwamba nipo. Nikipata, nitakwenda mwenyewe. Nisipopata, asijue kwamba nilifika karibu hivi."

Hilo lilikuwa lake kutoa, wala si la serikali, kwa hiyo alilitoa. Aliahidi. Kajiru akavaa kofia akashuka na njia, na Nakiete akabaki ameshika kikombe mpaka giza lilipoingia na nguo zikaanza kushika umande.

Jumamosi alipanda Ivuga kama kawaida. Mama yake alimsikia tangu kwenye migomba, akamwita kwa jina. Waliketi, wakala, na mama akauliza kama alivyouliza kila Jumamosi kwa miaka kumi na minne, kwa sauti ileile ya kuuliza bei ya chumvi, kama hakuna barua yoyote. Nakiete akajibu kwamba hakuna barua. Lilikuwa jibu la kweli. Halikumpitia kooni kama jibu la kweli. Alisingizia moshi, akatoka nje, akasimama akitazama taa chache za Kisangeni kule bondeni, akihesabu ni ipi inayoweza kuwa ya nyumba ya wageni. Mama hakumuuliza kitu. Siku iliyofuata aliteremka mapema kuliko desturi yake, kwa kuwa hakuweza kukaa karibu na yale macho yasiyomwona.

Ijumaa ikafika. Saa nne kamili sanduku likafungwa mdomo, na wenye funguo mbili wakalifungua. Zilitoka bahasha tano. Wajumbe wa Bodi ya Zabuni walikaa upande mmoja, wazabuni upande wa pili, na Nakiete mezani na kalamu, maana yeye ndiye aliyeandika muhtasari. Mwenyekiti, Bwana Mgonja, alisoma majina ya nyuma ya bahasha. La nne lilikuwa K. Senkondo.

Kisha akauliza swali ambalo kanuni ilimtaka aulize kabla ya kukata bahasha hata moja, kama kuna mjumbe au mtumishi wa Bodi mwenye undugu na mzabuni yeyote. Kwa miaka yote swali hilo lilipita kama mtu anavyopiga hodi kwenye nyumba aliyokwisha kuingia. Hakuna aliyewahi kulijibu. Bwana Mgonja alikuwa amekwisha kuchukua mkasi.

Nakiete angeweza kunyamaza. Jina lake lilikuwa tofauti, na Ivuga ni mbali. Aliweka kalamu chini.

"Ninao," alisema. "Mwenye bahasha ya nne ni kaka yangu. Tumbo moja."

 Bwana Mgonja alirudisha mkasi mezani, akamshukuru, akasema basi atatoka nje na mtu mwingine ataandika. Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini mzabuni mmoja, mfanyabiashara wa mbao aitwaye Mashika, alisimama. Hakuwa mtu mbaya, na alichokisema alikiona kwa macho yake. Alisema kwamba Jumatano ya wiki iliyopita alipita kwenye nyumba za watumishi, akamwona bwana yule uzioni kwa mama yule anapewa kikombe, na wamesogeleana wananong'ona. Wakati huo hakuwajua. Sasa amewajua. Na kila aliyemo ukumbini anajua ni nani aliyepiga chapa makadirio ya mhandisi.

Bwana Mgonja alimgeukia Nakiete na kumuuliza kama ni kweli. Nakiete alijibu kwamba ni kweli alikuja, na ni kweli alimpa maji. Akakomea hapo. Akiongeza kwamba kaka yake aliomba siri, bahasha ya kaka yake imekwisha. Asipoongeza, yeye ndiye aliyekwisha. Alitazama mikono yake iliyo juu ya meza, akachagua kunyamaza.

Mwenyekiti alisubiri. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba kama hakuna maelezo mengine, hana njia ila kumsimamisha karani kazi leo hii na kuifuta zabuni nzima ianze upya. Shule itafunguliwa, na watoto wa Ivuga watakaa chini.

Hapo Kajiru aliinuka.

"Mwenyekiti, naomba nisikilizwe. Nilikwenda kwake. Nilimwomba anitikisie kichwa tu, nijue bei yangu iko juu au chini. Ni mimi niliyeomba. Alinikatalia. Alinikatalia hata kiti, na miaka kumi na minne hatujaonana. Maji alinipa nje, kama anavyopewa mpita njia." Alinyoosha kidole kwenye kitabu cha muhtasari. "Nataka hili liandikwe. Bahasha yangu, wakati naifunga, haikuwa na ndugu."

 Mashika alikaa, akainamisha kichwa. Bwana Mgonja alifungua kitabu cha kanuni, ingawa alijua kilichoandikwa, akasoma polepole kwamba mzabuni atakayejaribu kupata siri ya makadirio, apate asipate, bahasha yake itawekwa kando. Akamuuliza Kajiru kama alilijua hilo kabla hajasimama.

"Nililisoma," Kajiru alisema. "Liko ukurasa wa tatu."

Akarudishiwa bahasha yake kama ilivyokuja, haijakatwa. Aliipokea kwa mikono miwili. Alipopita mbele ya meza alimtazama dada yake, na Nakiete aliona kwamba anataka kusema jambo, na yeye pia alitaka. Sasa kanuni haikuwa tena kati yao. Kajiru hakuwa mzabuni. Angeweza kumwita kaka kwa sauti ukumbini pale, angeweza kumkumbatia.

Lakini Bwana Mgonja alimwambia kwa upole kwamba, kwa vile bahasha ya nne imeondoka, hakuna tena sababu ya yeye kutoka, na kazi inamngoja. Nakiete akachukua kalamu. Katika muhtasari wa serikali kila mtu huitwa Ndugu, awe nani awe nani, na ndivyo alivyolazimika kuandika: Ndugu K. Senkondo, bahasha imerejeshwa bila kufunguliwa. Kwenye neno lile la kwanza kalamu ilisimama mpaka wino ukafanya doa. Nje alisikia hatua za viatu kwenye kokoto zikienda, na zikienda, na bahasha ya kwanza ikakatwa.

Kikao kilichukua saa tatu. Kilipoisha alikwenda mbio nyumba ya wageni na kitabu cha muhtasari mkononi. Mwenye nyumba alimwambia kwamba mgeni amechukua mzigo wake na kuondoka na basi la saa sita. Hakuacha maneno. Nakiete alisimama stendi akitazama vumbi lililokwisha kutua zamani, na akarudi ofisini kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda.

Jumamosi alipanda Ivuga. Ahadi ilikuwa imekwisha kazi yake, na hakuweza kuibeba tena. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akamweleza yote, tangu dirishani hadi ukumbini. Alimweleza kuwa Kajiru alikuwa Kisangeni zaidi ya siku kumi, mwendo wa saa tatu tu, na yeye alijua, na Jumamosi iliyopita alikaa hapahapa akala ugali wake akanyamaza.

Mama Kajiru hakulia. Alipapasa ukingo wa kanga yake.

"Amekonda?" aliuliza.

"Mabega tu, mama. Ana ndevu sasa. Zina mvi."

"Mvi," mama alirudia, kama anayemtazama. Kisha akauliza kwa nini hakupanda.

Nakiete akasema kwamba aliona haya kuja mikono mitupu.

"Mimi nilimzaa akiwa na mikono mitupu," mama alisema. "Mwandikie hivyo. Usiongeze kitu."

Nakiete aliandika, na hakuongeza kitu. Alituma kwa lile sanduku la posta la Mpanda. Kisha wakangoja. Mwezi ulipita, ikapita mvua ya vuli, ikapita na ya masika. Kila Jumamosi mama aliuliza kama hakuna barua, na Nakiete alijibu kwamba hakuna, na sasa jibu lilipita kooni, ila lilikuwa chungu zaidi. Madawati yalitengenezwa na chama cha mafundi wa wilaya jirani, waliopata zabuni kwa haki. Nakiete hakujua kamwe kaka yake aliandika bei gani. Baadhi ya siku, akiwa peke yake, aliikumbuka ile namba ya mhandisi na kujiuliza kama walikuwa mbali au karibu.

Huku nyuma maneno ya Kajiru yalikuwa yametoka ukumbini. Mashika mwenyewe ndiye aliyeyasambaza, sokoni na kwenye vijiwe vya mbao. Mtu akitaka kumwendea mjomba wake ofisini kabla ya siku ya zabuni, wenzake walimwambia asijisumbue, bahasha iliyofungwa haina ndugu. Watu wakayapunguza, wakayasawazisha, yakawa methali, na wengi wakasahau yalitoka kinywani mwa nani.

Kajiru alirudi mwaka uliofuata, wakati wa kipupwe, siku ya Jumanne ambayo hakuna aliyekuwa akimtazamia. Nakiete hakuwapo. Alisimuliwa baadaye na majirani kwamba ndugu yake alifika hadi uani akasimama, hakuweza kupiga hodi, na mama aliyekuwa akianika mahindi aliacha kazi, akageuza uso upande wake na kuuliza ni nani anayepumua hivyo. Kajiru akasema ni yeye. Mama akamwambia asogee, macho yake hayafiki huko.

Walikaa pamoja miaka minne, mpaka bibi alipofariki. Kajiru hakupata kazi kubwa yoyote ya serikali pale kijijini. Madawati ya wale mafundi yalipolegea miguu, yeye ndiye aliyeyakaza. Na Jumamosi Nakiete alipopanda, alimkuta ameketi nje, na waliongea mpaka chakula kikapoa. Ile miaka kumi na minne hawakuweza kuirudisha. Mara nyingine mmoja wao alianza kusimulia jambo, akakumbuka kwamba mwenzake hakuwapo, akalazimika kuanza mbali.

Bibi Nanzia alichukua tena ungo wake. Aliwaambia wale vijana kwamba mtu akitamka maneno hayo bila kujua yalikotoka, yanaweza kumtoka kama jiwe. Lakini Kajiru aliyasema akiwa amesimama mbele ya watu, akitupa kitu alichokitamani kuliko vyote, ili dada yake asichafuke. Na dada naye alikuwa amekataa kumpa kwa siri kile ambacho kingemrejesha nyumbani, huku akimlilia arudi.

 Kisha yule aliyekuwa na binamu kwenye ofisi ya kata aliomba karatasi, kalamu na bahasha, wakasogea pembeni ya baraza wakaanza kupiga hesabu zao wenyewe za tofali moja moja: udongo, kuni, maji, na nguvu zao. Walipomaliza waliandika bei, wakaikunja karatasi ndani ya bahasha, wakailamba gundi yake. Hakuna aliyewaambia, wakaisema wenyewe, kwa sauti ndogo, kama watu wanaomtaja marehemu: bahasha iliyofungwa haina ndugu.